MAISHA YA LOUIS PASTEUR, MUTU ALIYEFANYA KAZI NA MUKONO MUMOJA



Jina la Louis Pasteur sisi wote tunalijua. Liko katika masomo ya biolojia, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukuambia kama Pasteur njo aliyepata chanjo ya kichaa cha mbwa. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi sana darasani. Wakati Pasteur alipotengeneza chanjo ile, alikuwa mutu aliyepooza. Mukono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika, na muguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta chini. Ugonjwa wa ubongo ulikuwa umemupiga miaka 17 mbele ya pale.

Kwa sababu ya jambo hilo tumechagua kuwaletea maisha yake. Katika vijiji na mitaa yetu tunaona wazee, na mara ingine watu ambao hawajafika hata miaka 50, wanaanguka asubuhi moja na nusu ya mwili inakufa. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema amekwisha. Mugonjwa anawekwa katika chumba cha nyuma, analishwa, anafunikwa, na kila mutu anangojea tu. Maisha ya Pasteur yanaonyesha njia ingine, na elimu ya leo inatueleza sababu yake.

1. UTOTO NA MASOMO

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka wa 1822, katika muji mudogo wa Dole, upande wa mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa zamani askari wa Napoléon, kisha akafanya kazi ya kutengeneza ngozi. Jamaa ilihamia Arbois, na kule njo Louis alikomalia, katika harufu ya ngozi zilizolowekwa. Hakuwa mwanafunzi wa kushangaza watu. Kitu alichowapita wenzake ni kuchora: alichora baba yake, mama yake na majirani, na picha zile ziko mpaka leo. Wanaofikiri kama mutoto asiyekuwa wa kwanza darasani hana kesho, wamuangalie huyu.

Mwaka wa 1838 alitumwa Paris kusoma. Alikuwa na miaka 15. Hamu ya nyumbani ikamushinda, na baba yake akaenda kumurudisha. Sisi tunaolala intana tunamuelewa vizuri. Lakini hakuachia pale. Mwaka wa 1842 alishinda mutihani wa kuingia École normale supérieure, shule kubwa sana ya Paris. Namba aliyopata haikumufurahisha, akarudilia mutihani, akaingia mwaka wa 1843 na namba nzuri zaidi.

Mwaka wa 1848 alifanya uvumbuzi wake wa kwanza. Alionyesha kama kristali za chumvi moja inayotoka katika asidi ya divai ziko za namna mbili, sawa mukono wa kuume na mukono wa kushoto: zinafanana, lakini moja haiwezi kulingana juu ya ingine. Mwaka uliofuata alioa Marie Laurent ku Strasbourg. Mama huyo alikuwa muke na tena sekretere: muzee alisema, yeye aliandika.

Kisha alifundisha Lille, akarudi Paris mwaka wa 1857. Alionyesha kama divai, pombe na maziwa zinachacha kwa sababu ya vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuona, na kama vijidudu hivyo havizaliwi bure tu katika hewa, vinatoka kwa vingine. Alionyesha tena kama ukipasha divai moto kwa kiasi, bila kuichemsha, unaviua. Namna hiyo njo inaitwa kwa jina lake leo, na njo inalinda maziwa ya watoto.

Lakini ndani ya nyumba yake kulikuwa kilio. Mutoto wake Jeanne alikufa mwaka wa 1859, na miaka 9. Mwaka wa 1865 alizika baba yake na pia kitoto Camille, wa miaka 2. Mwaka wa 1866 akazika Cécile, wa miaka 12. Kati ya watoto watano wakabaki wawili. Miaka ile ile serkali ilikuwa imemutuma upande wa kusini, ku Alès, kutafuta dawa ya ugonjwa uliokuwa unaua funza wa hariri. Alifanya kazi muchana na usiku. Mwili una mupaka wake.

2. TAREHE 19 MWEZI WA 10 MWAKA WA 1868

Asubuhi ya siku ile Pasteur, mwenye miaka 45, alisikia kama sindano ndogo ndogo zinamuchoma upande wote wa kushoto. Hakuijali ile alama. Muchana alienda Académie des sciences kusoma kazi ya mutu mwingine mbele ya wakubwa wa elimu, akarudi kwa miguu yake. Magaribi, wakati alipokuwa amelala, maneno yakamukatalia kwa muda kidogo. Kisha mukono wa kushoto ukakataa, na muguu wa kushoto pia. Waganga walikuja. Wakati ule hawakuwa na kitu kingi cha kufanya: walimubandika ruba nyuma ya masikio, wale wadudu wa majini wanaonyonya damu. Akili yake ilikuwa wazi kabisa, lakini nusu ya mwili ilikuwa kama mutu mwingine aliyelala karibu naye.

Tueleze kidogo. Ubongo una pande mbili, na njia zake kwenda ku mwili zinakatana. Upande wa kuume unaamuru mukono na muguu wa kushoto. Upande wa kushoto unaamuru wa kuume. Kama mushipa wa damu unazibika ao unapasuka katika ubongo, sehemu ile inakosa chakula na pumzi, na kwa dakika chache inaanza kufa. Leo waganga wanaita ugonjwa huu AVC. Kwa Pasteur, upande wa kuume wa ubongo njo uliumia. Hakuna mulozi ndani yake. Ni mushipa.

Watu wengi waliamini kama atakufa. Katika siku zile walikuwa wanamujengea laboratwari mupya ku Paris, na wafanyakazi wakasimamishwa: juu ya nini kujengea mutu anayekwenda? Pasteur alipojua habari ile, ilimuumiza kuliko ugonjwa. Maneno yakafika mupaka kwa mufalme Napoléon III, na akaamuru kazi iendelee. Tunaona kama jambo hilo lilikuwa dawa kubwa: mugonjwa alijua kama bado wanamuhesabu kati ya wazima.

Siku chache nyuma, akiwa bado kitandani na hawezi kugeuka, alimuita musaidizi wake Gernez akamusomea maneno ya kuandika juu ya funza wa hariri. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1869, miezi mitatu tu baada ya kuanguka, alipanda gari la moshi kurudi kusini kwa kazi yake. Walimubeba, walimushika, lakini alienda. Polepole muguu ukarudi, si kamili, lakini wa kumutembeza. Mukono haukurudi. Vidole vilibaki vimefunga kama ngumi mupaka siku ya kufa.

3. KATIKA UBONGO WAKE KULIPITA NINI?

Hapa tunaomba musomaji asituruke, kwa sababu hii njo sehemu inayotusaidia sisi leo. Juu ya nini muguu ulirudi, na mukono ukakataa?

Siku za Pasteur hakuna mutu angeweza kuona. Lakini mlango ulikuwa unafunguka. Mwaka wa 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, waligusa ubongo wa mbwa na umeme kidogo, na muguu wa upande mwingine ukaruka. Mwaka wa 1875 Mwingereza Richard Caton alipima umeme unaotoka wenyewe katika ubongo wa sungura na wa nyani. Mwaka wa 1924 munganga Hans Berger, ku Jena katika Ujerumani, aliweka elektrodi ku kichwa cha mutu, na mashini ikaandika mistari ya umeme wa ubongo wake. Alitangaza kazi yake mwaka wa 1929.

Umeme huo ni mudogo sana: tunauhesabu kwa sehemu za milioni ya volti moja. Misuli nayo ina umeme wake. Kila wakati musuli unapoamurishwa kujikaza, unatoa umeme ambao elektrodi iliyobandikwa juu ya ngozi inaweza kuushika. Basi leo wataalamu wanabandika elektrodi ku kichwa na ku mukono wa mugonjwa kwa wakati mumoja, wanamuambia ashike kitu na kukikaza, na wanalinganisha mistari ya juu na mistari ya chini. Ni sawa kusikiliza ngoma mbili, moja kilimani na moja bondeni, ili kujua kama zinajibizana.

Kwa mutu muzima anayeshika kitu bila kutikisika, zinajibizana kweli: ubongo na musuli vinapiga pamoja, mara 15 mupaka 30 kwa sekunde moja. Kwa mutu aliyepigwa na AVC, mapatano hayo yanapunguka ku mukono muzaifu. Lakini kwa wagonjwa wengine, miezi inavyopita na mazoezi yanavyoendelea, mapatano yanarudi. Na mara ingine hayarudi pale pale. Pahali yanapokuwa na nguvu ku kichwa pamesogea: pengine jirani ya kidonda, pengine hata upande mwingine wa ubongo. Kumbe ubongo umejipanga upya. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizo hai zinajifunza kazi yake.

Sisi wa Congo hatuna shida kuelewa. Daraja likivunjika, magari hayakai pale mwaka muzima. Yanatafuta njia ya pembeni. Siku ya kwanza ni majani matupu, lakini kadiri watu wanavyopita, njia inapanuka. Kama hakuna anayepita, majani yanarudi. Njia za ubongo ni vile: zinafunguka kwa kupitwa.

Mashini zinaonyesha mambo ingine tena. Katika majuma ya kwanza, mugonjwa akijaribu kusogeza mukono muzaifu, pande mbili za ubongo zinawaka pamoja, kama jamaa yote inayokimbilia mugonjwa. Kwa wale wanaopona vizuri, kawaida kazi inarudi kidogo kidogo kwa upande ulioumia, kandokando ya kidonda. Kwa wale wenye kidonda kikubwa, ubongo unaendelea kuegemea upande wa pili, na mukono mara nyingi unabaki muzito. Tena kuna mukono ambao jicho linaona kama umekufa, na kumbe elektrodi inakuta alama ndogo katika musuli: amri inafika, lakini haina nguvu ya kutosha. Mutu kama huyo njia yake haijafungika yote. Na kuna mukono ambao misuli ya kukunja na misuli ya kukunjua inajikaza kwa wakati mumoja, zinashindana, na mukono unakuwa mugumu kama muti. Vidole vinafunga ngumi kwa sababu misuli ya kukunja ina nguvu kuliko ile ya kukunjua.

Hakuna aliyemupima Pasteur hivyo. Lakini tukiangalia wagonjwa wa leo tunaelewa ngumi yake na mwendo wake. Kutembea kunatumia njia nyingi, na zingine zinatoka pande zote mbili za ubongo. Vidole vinategemea sana njia moja nyembamba, ile ya upande wa pili. Ikivunjika, kuipata tena ni vigumu. Njo sababu tunaona wagonjwa wengi wanarudi kutembea na mukono unabaki nyuma.

4. KAZI ZA MUTU ALIYEPOOZA

Sasa tuhesabu kazi alizofanya nyuma ya mwaka wa 1868. Katika miaka ya 1879 na 1880 alivumbua kama mikrobi za kolera ya kuku, zikiachwa muda murefu, zinazaifika, na kuku aliyepewa mikrobi zaifu hashikwi tena na zile kali. Mwaka wa 1881, ku Pouilly-le-Fort, alifanya jaribio mbele ya watu wengi, na wengine walikuja kumucheka. Alichanja kondoo 24 juu ya ugonjwa wa kimeta, akaacha zingine 24 bila chanjo. Kisha zote zikapewa mikrobi kali. Tarehe 2 mwezi wa 6 watu walirudi kuona. Zilizochanjwa zilikuwa zinasimama. Zile zingine, mbele siku haijaisha, zilikuwa zimekufa zote.

Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka wa 1885, mama mumoja alifika kutoka Alsace na mutoto wake Joseph Meister, wa miaka 9. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma siku mbili mbele. Wakati ule kichaa cha mbwa kikishika mutu, hakuna aliyepona. Pasteur hakuwa munganga wa watu, na chanjo yake alikuwa ameijaribu ku mbwa. Aliogopa sana. Lakini waganga wawili walimuambia kama mutoto huyu hana tumaini lingine, akakubali. Katika siku kumi hivi mutoto alipigwa sindano 13. Akapona, akarudi kwao.

Nani alipiga sindano zile? Si Pasteur. Ni munganga Grancher. Na kazi za mikono katika laboratwari nani alizifanya? Émile Roux, Chamberland na wengine. Pasteur alisimama, aliangalia, aliuliza, aliandika na mukono wake wa kuume, aliamuru, na mikono ya vijana ikatenda. Katika Biblia tunasoma habari za Musa juu ya kilima: mikono yake ilipochoka, Haruni na Huri waliishikilia, mumoja upande huu, mwingine upande huu. Vile vile kwa Pasteur. Ubongo wake ulijipanga upya ndani ya kichwa, na laboratwari ikajipanga upya kumuzunguka. Moja bila ingine hatungekuwa na chanjo ile.

5. MWISHO WAKE

Mwaka wa 1887 ugonjwa ulimupiga tena, na safari hii ulimi wake ulizaifika. Tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka wa 1888 walifungua Institut Pasteur ku Paris, nyumba iliyojengwa na pesa za watu wa inchi nyingi. Machozi yalimuzuia kusema, na mutoto wake mwanaume akasoma maneno yake. Nyumba zingine zenye jina hilo zilifuata katika dunia. Moja ilianzishwa mwaka wa 1908 ku Brazzaville, ngambo ya muto wetu mukubwa. Tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka wa 1892, alipotimiza miaka 70, aliingia ku Sorbonne akiegemea mukono wa Prezidenti Sadi Carnot. Alikufa tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka wa 1895, mukono wake katika mukono wa muke wake. Kutoka siku ile ya kuanguka alikuwa ameishi karibu miaka 27.

6. SOMO KWETU

Kwanza: tusidharau alama. Kinywa kinachoanguka upande mumoja, mukono unaokataa, maneno yanayochanganyikana: ni kwenda hospitali saa ile ile, hapana kungojea kesho, hapana kuanzia kwa mulaguzi. Katika hospitali zenye mashini ya kupiga picha ya ubongo, iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inafaa katika saa za kwanza tu, chini ya saa tano. Hata pale ambapo dawa ile haipatikani, waganga wanaweza kuchunga tansio na kulinda mugonjwa asizamishwe na chakula chake. Na wazazi wetu wapimwe tansio mbele ya ugonjwa, maana tansio njo chanzo kikubwa.

Pili: mugonjwa asiachwe. Nguvu nyingi zinarudi katika miezi mitatu ya kwanza, na zingine zinaendelea kurudi polepole nyuma yake. Munganga akikubali, akalishwe, asimamishwe, na mukono muzaifu upewe kazi: kushika kikombe, kupangusa meza, kuchambua maharagi. Mara kumi leo, mara kumi kesho. Mukono usiotumika, ubongo unausahau. Waganga wa kinezi wanajua hili, na kwa mugonjwa ambaye mukono wake bado unasogea kidogo, wengine wanafunga ule muzima kwa saa kadhaa ili muzaifu ulazimike kutumika.

Tatu, na hii ni ngumu zaidi: si kila kitu kinarudi. Tusiwadanganye wagonjwa wetu, tusiwaambie kama ni uvivu ao upungufu wa imani. Pasteur hakukosa bidii, lakini vidole vyake havikufunguka. Wale waliokuwa karibu naye hawakungojea vifunguke ndipo wamupe kazi. Walimupa kalamu, walimupa mikono yao, wakaendelea kumuuliza shauri.

Sisi wanafunzi hatuna mashini za umeme wa ubongo. Lakini wakati wa likizo tutarudi nyumbani, na wengi wetu tunajua kuna nani katika chumba cha nyuma. Tuingie. Tumusalimie kwa jina lake, tumuombe shauri juu ya jambo la jamaa, tumupe kikombe ku mukono ule muzaifu na tungojee bila haraka.